Kitanda Karibu na Lango: Historia ya Hoteli za Bustani za Burudani

Hoteli ya bustani ya burudani huipa familia malazi, chakula na michezo ndani ya eneo moja kwa siku kadhaa mfululizo. Bustani yenyewe huwa na treni za kasi, mashua, maonyesho na wahusika wa hadithi. Hoteli huwa ndani ya bustani, langoni pake, au kwenye ardhi ya kampuni hiyohiyo. Miongoni mwa wageni wake ni familia zinazosafiri vizazi vitatu pamoja: bibi na babu, wazazi, na wajukuu. Historia ya bustani hizi mara nyingi husimuliwa kwa mashine zake, ipi ilikuwa ndefu na ipi ya kasi zaidi. Lakini kwa familia ya vizazi vitatu jambo lililoamua waende wapi, na kama watarudi, limekuwa zaidi kitanda: kipo umbali gani na lango, kinagharimu kiasi gani, na mzee aliyechoka saa nane mchana anakifikiaje.

Bustani za mwanzo hazikuwa na vitanda. Dyrehavsbakken, msituni kaskazini mwa Copenhagen, inahesabiwa kuwa bustani ya burudani kongwe kuliko zote zinazofanya kazi hadi leo. Mwanzo wake ni chemchemi iliyogunduliwa mwaka 1583, ambayo watu wa mjini waliifuata wakiamini kuwa maji yake yanaponya. Walipofika watu wakafika wachuuzi, na nyuma ya wachuuzi wakaja wapiga muziki, wacheza sarakasi na wenye vibanda vya michezo. London nayo ilikuwa na Vauxhall Gardens, bustani ya muziki, taa na matembezi ya jioni iliyodumu hadi 1859. Kwa kufuata mfano wa bustani kama hiyo, Georg Carstensen, Mdenmark aliyezaliwa Algiers, alipata kibali cha Mfalme Christian VIII kufungua bustani nje kidogo ya lango la magharibi la Copenhagen. Ikaitwa Tivoli, na ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843.

Tivoli inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyofanyiwa kawaida. Tangu mwaka wa kwanza ilikuwa na bembea la kuzunguka la farasi wa mbao na reli ya kuteremka mlima, lakini ilikuwa pia na jukwaa la muziki, migahawa, maua, maji na mahali pengi pa kukaa. Mzee hakulazimika kupanda chochote. Aliketi akisikiliza bendi huku wajukuu wakizunguka mbele ya macho yake, na usiku ulipoingia wote walirudi nyumbani. Malazi hayakuwa tatizo kwa sababu wageni wengi walikuwa wakazi wa jiji lilelile.

Nchini Marekani bustani nyingi zilijengwa na wenye usafiri. Kampuni za tramu ziliona mabehewa yake yakijaa siku za kazi na kukaa matupu siku za mapumziko, basi zikaweka bustani mwisho wa njia ili watu wapate sababu ya kupanda tramu Jumapili. Kennywood, karibu na Pittsburgh, ilianza hivyo mwaka 1898 na ipo mpaka sasa. Coney Island, ufukweni mwa New York, ilikuwa na treni ya kuteremka ya LaMarcus Thompson tangu 1884, nauli yake senti 5. Baadaye zikaja bustani tatu kubwa: Steeplechase mwaka 1897, Luna Park 1903 na Dreamland 1904. Nazo zilikuwa bustani za kutwa. Kijana wa kiwandani alishuka kwenye treni, akatumia mshahara wake, akarudi kulala kwao. Dreamland iliteketea kwa moto mwaka 1911 na haikujengwa tena.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na tukio lililoacha mbegu ya mbali. Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893 yaliwapa wageni gurudumu la George Ferris, lenye urefu wa takriban mita 80 na vyumba 36, kila kimoja kikibeba hadi watu 60. Miongoni mwa mafundi seremala waliofanya kazi ya kujenga majumba ya maonyesho hayo alikuwa Elias Disney. Mwanawe Walt alizaliwa katika jiji hilohilo mwaka 1901.

Wazo la kulala palepale penye michezo lilijitokeza mapema huko Ohio. Cedar Point, rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Erie, ilikuwa mahali pa kuogelea na kucheza dansi tangu 1870, na mwaka 1905 ikafungua Hotel Breakers, hoteli kubwa ya mbao iliyotazama ziwa. Familia zilifika kwa meli na kukaa kwa siku kadhaa. Ila hoteli hiyo ilikuwa ya watu wenye nafasi.

Kwa familia za wafanyakazi jibu lilitoka Uingereza. Miji ya viwanda vya pamba ya Lancashire ilikuwa na desturi ya kufunga viwanda kwa wiki moja kila mwaka, na tangu reli ilipofika Blackpool mwaka 1846 miji mizima ilihamia ufukweni kwa zamu: bibi, wajukuu, majirani, wote katika treni moja. Walilala katika nyumba za kupangisha zilizoendeshwa na kina mama wenye masharti makali. Katika nyumba nyingi za aina hiyo mgeni alitakiwa atoke baada ya kifungua kinywa na asirudi hadi saa ya chakula cha jioni, hata mvua inyeshe. Mwenye mtoto mchanga au mama mzee alizunguka naye barabarani kutwa nzima.

Billy Butlin, aliyezaliwa Cape Town na kukulia katika biashara ya vibanda vya sarakasi na michezo, aliwaona wageni wa namna hiyo wakitangatanga kwenye baridi. Mwaka 1936 alifungua kambi ya likizo huko Skegness, ufukwe wa mashariki mwa Uingereza. Kila familia ilipata kibanda chake cha kulala. Milo mitatu ya siku, bwawa la kuogelea, dansi, michezo ya watoto na bembea vyote viliingia katika malipo ya mara moja, na malipo yenyewe yalilengwa yasizidi mshahara wa wiki. Usiku wazazi waliweza kwenda dansini, kwa kuwa walinzi walipita vibandani kusikiliza kama kuna mtoto anayelia. Mwaka 1938 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya likizo yenye malipo, na baada ya Vita ya Pili ya Dunia kambi hizi zikajaa. Historia nyingi za bustani za burudani humtaja Butlin kwa mstari mmoja tu, nao huo ni upungufu mkubwa. Yeye ndiye aliyethibitisha kwamba familia ya kawaida italipia wiki nzima mahali pamoja, mradi iachiwe mlango wa kuingia kupumzika saa yoyote ya mchana.

Walt Disney alilifikia jambo hilohilo kwa njia nyingine. Alisimulia kwamba siku za Jumamosi aliwapeleka binti zake wawili Griffith Park, Los Angeles, wao wakapanda farasi wa mbao naye akabaki ameketi kwenye benchi. Hapo ndipo alipoanza kuwazia mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja. Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 huko Anaheim, California, kwenye hekta 65 hivi zilizokuwa mashamba ya michungwa, kwa gharama ya takriban dola milioni 17. Siku ya ufunguzi ilikuwa ya taabu: joto kali, lami laini iliyonasa viatu, tiketi za kughushi, na mabomba ya maji ya kunywa machache kwa sababu mafundi bomba walikuwa wamegoma. Hata hivyo wageni milioni moja walikuwa wamepita langoni kabla ya miezi miwili kwisha.

Fedha za kujenga hoteli hazikubaki. Disney alimshawishi Jack Wrather, mfanyabiashara wa mafuta na televisheni, ajenge Disneyland Hotel kando ya bustani. Ilianza kupokea wageni Oktoba 1955, na mwaka 1961 ikaunganishwa na bustani kwa treni ya reli moja. Kampuni ya Disney iliinunua mwaka 1988 tu. Wakati huo wote ardhi ya jirani ilikuwa mikononi mwa watu wengine, nao walijenga moteli, migahawa na mabango ya taa mpaka kwenye uzio. Faida ya kitanda ilikwenda kwao. Familia zilipata malazi ya bei nafuu, lakini ziliyapata ng'ambo ya barabara yenye magari mengi, na kuvuka na mkongojo au na mtoto mgongoni haikuwa kazi ndogo.

Somo hilo ndilo lililomsukuma Disney kutafuta ardhi kubwa. Mnamo Novemba 1963 aliruka kwa ndege juu ya Florida ya kati na kuona mahali ambapo barabara kuu ya Interstate 4 inakutana na barabara ya kulipia inayokwenda kusini. Kampuni yake ikanunua kimyakimya, kwa majina ya kampuni nyingine, ekari zipatazo 27,000 za vinamasi na malisho, eneo linalokaribia kisiwa cha Manhattan mara mbili. Mpango ulitangazwa Novemba 1965. Walt alifariki Desemba 1966, na kaka yake Roy akaahirisha kustaafu ili kuukamilisha. Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Roy naye alifariki Desemba ya mwaka uleule.

Florida ilikuwa chaguo lenye maana kwa familia za vizazi vitatu kuliko ilivyotajwa katika matangazo. Jimbo hilo, kwa jua lake la majira ya baridi na kuenea kwa viyoyozi, lilikuwa limegeuka makao ya wastaafu kutoka kaskazini. Babu na bibi walihamia huko. Watoto na wajukuu walikuja kuwatembelea. Bustani iliwapa mahali pa kukutania. Hoteli mbili zilifunguliwa siku moja na bustani: Polynesian Village, na Contemporary, jengo la chuma ambalo vyumba vyake viliundwa kiwandani jirani na kuingizwa kwa winchi kimoja kimoja. Treni ya reli moja ilipita katikati ya jengo la Contemporary. Mzee aliyezidiwa na jua aliweza kuipanda langoni mwa bustani, akashuka ndani ya hoteli, akalala saa mbili, akarudi kwa wenzake jioni, bila kugusa gari wala kuvuka barabara. Mwezi Novemba ikafuata kambi ya Fort Wilderness, kwa wenye mahema na magari ya kulala ambao hawakumudu hoteli.

Bei ya kiingilio nayo ina historia yake, na familia zenye wazee ziliihisi moja kwa moja. Mwaka 1955 mtu mzima alilipa dola 1 kuingia Disneyland na mtoto senti 50. Baada ya hapo kila mchezo ulilipiwa kwa kuponi yake. Mfumo wa vitabu vya kuponi, zilizopangwa kwa herufi kuanzia A hadi hatimaye E kulingana na ukubwa wa mchezo, ulimwezesha bibi kulipa mlangoni tu na kukaa kivulini, au kununua kitabu na kuponi zake akawapa wajukuu. Six Flags Over Texas, iliyofunguliwa 1961, ilikuwa imechagua njia nyingine: bei moja inayohusu kila kitu. Disney ilihamia huko mwaka 1982, mwaka ambao bustani yake ya Epcot ilifunguliwa Florida. Foleni za tiketi zilipungua na mahesabu yakawa mepesi. Lakini tangu hapo mtu anayetaka kukaa tu na kuwatazama wajukuu hulipa sawasawa na kijana anayepanda treni ya kasi mara kumi. Kwa familia ya watu wanane badiliko hilo si dogo, na ni ajabu kwamba halizungumzwi zaidi.

Michezo yenyewe iligawanyika makundi mawili. Upande mmoja kulikuwa na safari tulivu zinazowabeba wote pamoja, kama It's a Small World, iliyotengenezwa kwa Maonyesho ya New York ya 1964 na kuhamishiwa Disneyland 1966, na Pirates of the Caribbean ya 1967. Katika mashua hizo mtoto wa mwaka mmoja na mama wa miaka themanini huketi benchi moja. Upande wa pili zikazidi treni za kasi zenye masharti ya kimo. Space Mountain ya Florida, ya mwaka 1975, humtaka mpandaji awe na sentimita 112. Familia ilianza kutengana langoni mwa kila mchezo. Ndipo ukabuniwa utaratibu wa wazazi kupokezana, mmoja akipanda na mwingine akibaki na mtoto, kisha wakabadilishana bila kupanga foleni upya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu iliongeza njia za viti vya magurudumu na mabehewa yanayoweza kuvipokea.

Kuanzia 1988 hoteli za Disney huko Florida ziliongezeka haraka na kupangwa kwa madaraja: Grand Floridian kwa wenye uwezo na Caribbean Beach kwa wa kati mwaka huohuo, kisha All-Star za bei ya chini tangu 1994. Kilichofaa zaidi familia kubwa kilikuja 1991, pale kampuni ilipoanza kuuza haki ya kutumia nyumba zenye vyumba kadhaa na jiko. Jiko ndilo jambo la kuzingatia. Mgonjwa wa kisukari hupikiwa chakula chake, uji wa mtoto hupashwa usiku, na familia huketi meza moja bila kuagiza.

Ulaya ilikuwa na bustani zake za kifamilia zamani. Efteling ya Uholanzi, iliyofunguliwa 1952 na kupambwa kwa michoro ya Anton Pieck, ilianza na msitu wa hadithi ambao mtu huutembea polepole. Europa-Park ya Rust, Ujerumani, ilifunguliwa 1975 na familia ya Mack, ambayo imekuwa ikiunda mabehewa na mashine za burudani tangu 1780. Hoteli yake ya kwanza ilikuja mwaka 1995, baada ya miaka ishirini ya kuwajua wageni wake. Disney ilipofika karibu na Paris mwezi Aprili 1992 ilifanya kinyume: ilijenga vyumba vipatavyo 5,200 kwa pamoja. Wageni wengi wakaja kutwa na kurudi, au wakalala usiku mmoja. Makadirio ya kifungua kinywa yalikosea, watu wakapanga foleni kwenye migahawa midogo. Mvinyo ulikatazwa bustanini hadi 1993, jambo lililowaudhi Wafaransa ambao humimina mvinyo mezani mbele ya babu na wajukuu. Mwaka 1994 madeni yalipangwa upya na Mwanamfalme Al-Waleed bin Talal wa Saudi Arabia akaingiza mtaji.

Huko Shanghai kampuni ya Disney ilionyesha imejifunza. Sera ya mtoto mmoja ya China ilikuwa imezaa familia ambamo mtoto mmoja hufuatana na wazazi wawili na pengine bibi na babu wanne. Bustani iliyofunguliwa Juni 2016 haikuwekewa barabara ndefu ya maduka mbele ya ngome kama kwingine. Mahali pake pana bustani za maua na miti za hekta nne na zaidi, zenye njia pana, mahali pa kuketi na picha za wanyama kumi na wawili wa kalenda ya Kichina. Hilo ni wazo la Tivoli ya 1843, limerudi baada ya miaka zaidi ya 170.

Msomaji wa Afrika Mashariki atayatambua mengi Florida. Animal Kingdom, bustani ya Disney iliyofunguliwa Aprili 1998, ina kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichosanifiwa kwa kuiga miji ya mwambao, hasa Lamu, na magari yake ya kutazama wanyama huitwa Kilimanjaro Safaris. Hoteli iliyofuata mwaka 2001, Animal Kingdom Lodge, ina majengo ya Jambo House na Kidani Village na migahawa ya Boma, Jiko na Sanaa. Twiga na pundamilia hujilisha chini ya baraza za vyumba, na kwa sababu hiyo ni hoteli inayomfaa sana mzee asiyetaka kutoka. Afrika Mashariki kwenyewe likizo ya vizazi vitatu ina mahali pake pa zamani, nyumbani kwa bibi: kila Desemba mabasi ya Dar es Salaam hujaa Wachaga wanaorudi Kilimanjaro. Bustani za michezo zilizopo bado ni hasa za kwenda na kurudi siku moja.

Tangu 1999 vita ya bustani kubwa imekuwa juu ya foleni. Mwaka huo Disney ilileta FastPass, tiketi ya bure ya kumwekea mgeni saa yake. Nafasi hiyo sasa huuzwa, na tangu Julai 2024 mgeni aliyelala katika hoteli za Disney huko Florida huweza kuinunua siku 7 kabla ya kufika, ilhali wengine hungoja hadi siku 3. Kitanda kimekuwa tiketi ya kutangulia foleni. Mzee asiyeweza kusimama muda mrefu hunufaika, lakini kwa gharama ambayo wazazi wa enzi za Butlin wangeiona nzito.

Katika Ghuba joto limelazimisha usanifu wa aina nyingine. Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, kilifungua Ferrari World mwaka 2010, Warner Bros. World 2018 na SeaWorld 2023, sehemu kubwa ya kila moja ikiwa chini ya paa lenye kiyoyozi, na hoteli zikiwa kisiwa hichohicho. Dubai nayo ilifungua kundi la bustani kusini mwa jiji mwishoni mwa 2016. Kwa familia za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zenye ndugu Uarabuni, hizi ndizo zilizo karibu zaidi. Mwezi Mei 2025 kampuni ya Disney na kampuni ya Miral ya Abu Dhabi zilitangaza kujenga bustani katika kisiwa cha Yas: Miral itaigharamia na kuiendesha, Disney itasimamia usanifu. Itakuwa makao ya saba ya Disney duniani, na ya kwanza Mashariki ya Kati.